Gari la Baba Lilipoanikwa Kambani

Usiku wa jana, baada ya kupanga mezani chupa nne za kuoshea gari bila kujua ipi inaanza na ipi inafuata, niliota gari la baba limesimama mlangoni kwangu limeshika taulo.

Lilikuwa limelibana kwenye kioo cha pembeni, kama mtu anavyobana kitu kwapani. Likaniuliza kama bafuni kuna mtu.

Nikalijibu kwamba hakuna, ila maji ni ya baridi. Ndotoni hilo lilikuwa jibu la adabu kabisa.

Kabla sijaendelea, niseme kwanza nililala na hofu gani, maana ndoto hii haikuokotwa njiani. Baba yangu, Mzee Shekiondo, aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akanunua gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, la milango minne, likakaa chini ya kibanda cha bati hapa kwetu Korogwe. Miaka mitatu iliyopita mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Mwenyewe husema mtoto huyo ni wa ajabu, hakui wala hahami. Akabaki anaona mwanga na vivuli, basi. Gari halikutembea tena. Jirani yetu Bwana Mhando alikuja kuliwasha mara moja kwa wiki ili betri isife, na kila Jumamosi baba alinituma nilioshe.

Niliosha, ndiyo. Niliosha kwa sabuni ya unga, ile ya nguo, katika ndoo moja, kwa tambara la deki. Palipokuwa na kinyesi cha ndege nilitumia stiliwaya ya masufuria. Nilianza na matairi kwa sababu yako karibu na ardhi na mimi pia niko karibu na ardhi, na nikifika kwenye vioo huwa nimeshachoka. Juu sikuwahi kufika. Mimi ni mfupi, na Jumamosi ina mambo mengi.

Nikimaliza, baba huuliza kutoka kitini kwake barazani, "Linang'aa, mama?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Sauda. Nami hujibu, "Linang'aa, baba." Yeye husema ahsante, mimi naenda kupika.

Gari halikuwa linang'aa. Mwaka wa kwanza lilififia, wa pili likaota mikwaruzo, wa tatu boneti ikawa kama sufuria la shughuli, lile linalozunguka mtaa mzima. Jana asubuhi baba alipasuliwa jicho la kulia, akarudi nyumbani na bandeji. Leo saa tatu tunarudi akafunguliwe, na Bwana Mhando ndiye atakayetupeleka kwa gari hilo hilo. Na alishamwambia daktari, mimi nikisikia, kwamba bandeji ikitoka atatoka kwanza nje akalione gari lake, nyuso za watu zitasubiri. Daktari akacheka. Mimi nikatoka mbio hadi duka la vipuri nikabeba kila chupa niliyoonyeshwa.

Basi, gari limesimama mlangoni limeshika taulo.

"Sauda," linasema, "kabla hujanigusa leo, jiulize unaniosha au unanifua."

Nikacheka kidogo. Lenyewe halikucheka.

Papo hapo chumba changu kikawa ofisi. Kulikuwa na benchi refu, feni isiyozunguka, na kibao kilichoandikwa IDARA YA VITENZI VYA MAJI. Dirisha la kwanza lilikuwa la kunawa; watu walikabidhi mikono yao wakapewa risiti. La pili lilikuwa la kuoga, nalo lilikuwa na pazia. La tatu lilikuwa la kupiga mswaki, na foleni yake ilikuwa tulivu kwa sababu kila mtu alikuwa na povu mdomoni. La nne la kufua. La tano la kuosha.

Dirisha la nne na la tano yalihudumiwa na karani mmoja, dodoki kavu, refu, lenye miwani. Likanipa fomu fupi. Jina la chombo. Rangi. Kitenzi.

Mkono wangu ulikuwa na mazoea yake. Ukaandika: kufua.

Nilijaribu kufuta. Wino ulikuwa wa sabuni ya unga, kila nikifuta unatoa povu na neno linazidi kuwa jeupe na kubwa.

"Sabuni uliyotumia ni ya nini?" dodoki likauliza.

"Ya nguo."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Basi umejaza sawa," likasema, likagonga muhuri. "Kinachofuliwa hukamuliwa, kisha huanikwa."

Niliomba tafadhali lisikamuliwe, lina umri. Dodoki likafungua kitabu cha kanuni, likasoma kwa muda mrefu huku likijikuna, kisha likasema vitu vyenye injini vinaweza kusamehewa kukamuliwa. Kuanikwa hakuna msamaha.

Sasa niko uani kwetu, na gari la baba linaning'inia kwenye kamba ya nguo.

Limebanwa kwa vibanio viwili vya mbao, kimoja kila kioo cha pembeni. Matairi yananing'inia kama miguu ya suruali. Maji yanachuruzika. Jua ni kali, tena limesogea, limekaa juu ya paa la choo ili lione vizuri. Kila tone linalokauka juu ya bati linaacha duara jeupe, na kila duara linasema kwa sauti ndogo, "Mimi sitoki hapa."

Bwana Mhando akapita na baiskeli yake. Akaliambia gari pole.

"Nimeshapoa," gari likajibu, ingawa ungeweza kulikaangia yai mgongoni. Alipopita likaninong'oneza, "Nishushe, mwanangu. Mtu mzima hawezi kuanikwa mchana watu wakipita."

Liliponiita mwanangu niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikavuta kibanio, kikakataa. Kikasema kina fomu yenye muhuri, kama nataka gari lishuke basi nikabadilishe kitenzi, na kitenzi hakibadilishwi kwa kalamu.

"Kinabadilishwa kwa nini?"

"Kwa kuosha," kikasema kibanio, kikafumba mdomo.

Nikageuka, nikakuta meza yangu imeshafika uani. Chupa nne zimekaa juu yake zimekunja mikono kama wazee waliokuja kuposa. Nikazisalimu, nikaziambia shida yangu, nikauliza nani atanisaidia.

Ile kubwa yenye kifuniko cha dhahabu, ndiyo nta, ikakohoa. Ikasema siku yake si leo. Kuipaka juu ya uchafu, ikasema, ni sawa na kumvalisha mtu kanzu ya Idi juu ya matope. Ya pili ilikuwa ya kung'arisha matairi; ilizungumza habari za matairi tu, na nilipoitajia boneti ikauliza hicho ni kitu gani. Ya tatu, nyekundu, ilikuwa ya kutoa lami. Ikaniuliza kama kwetu kuna lami. Nikasema gari halijatoka bandani miaka mitatu. Ikaegemea ukuta ikalala.

Kumbe ya nne, ya bluu, niliyoichukua kwa sababu ilikuwa ndogo na mwenye duka aliisahau kuisifu, ndiyo iliyoinua mkono.

"Mimi ni shampuu ya gari," ikasema, kama inaomba radhi. "Vifuniko viwili tu kwa ndoo. Sina makuu."

Hapo ikaingia sabuni ya unga na begi lake. Macho mekundu. Ikasema imesikia yote, na kwamba miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akiamshwa kila Jumamosi, akachanganywa na tambara la deki bila kulalamika, na leo anaambiwa amemharibu mtu ngozi. Alikuwa analia, na kila chozi lilitoa povu. Nilimwonea huruma. Nikamwambia kosa si lake, yeye ni mkali kwa sababu nguo zinataka mkali, na mimi ndiye niliyempeleka kusikokuwa kwake. Nikamwomba abaki na mashuka. Akafikiri, akauliza kama foronya zimo. Nikasema zimo. Akaenda kuweka begi ndani.

Nikaita ndoo. Ndoo yangu ya kila siku, ya bluu, ikaja. Nyuma yake ikaja nyingine ambayo sikuwahi kuiona: ya kijani, mshikio wake umekatika ukafungwa kamba ya katani.

"Wewe ni wa nani?" nikauliza.

"Wa hapa hapa," ikasema ndoo ya kijani. "Nipo nyuma ya pipa la maji. Niliwekwa nikungoje."

Nikasema karibu, maana ndotoni hapo palikuwa na mambo mengi ya kushangaa na hilo lilikuwa dogo. Ndoo hizo mbili zilikaa kama mawifi waliogombana, hazitazamani, zinapeana habari kupitia kwangu. Ya bluu ikasema, mwambie mwenzangu mimi nachukua sabuni. Ya kijani ikasema, mwambie wifi yangu mimi nachukua maji matupu, na kila mkono utakaotoka kwenye gari upite kwangu kwanza uache mchanga, ndipo uende kwake. La sivyo atakuwa anampaka gari uchafu wake mwenyewe. Ya bluu ikaniambia nimjibu kwamba hilo ni kweli, lakini nisimwambie kwamba yeye ndiye aliyekubali.

Nikachovya tambara langu la deki kwenye ndoo ya kijani. Tambara likatoa mchanga, na mchanga ukatoka umeshika penseli.

Zilikuwa chembe nyingi, zimejipanga kwenye ukingo wa ndoo kama wanafunzi. Nikaziuliza zinafanya kazi gani. Zikasema zinaandika.

"Mnaandika wapi?"

"Kwenye gari. Sisi tunaandika tu. Mkono ni wako."

Nikaenda kuitazama boneti kwa karibu. Mikwaruzo niliyoizoea, ile mistari na mizunguko, kumbe ilikuwa maandishi. Nikasoma. Linang'aa baba. Chini yake, linang'aa baba. Upande wa kushoto, kwa mwandiko wangu wa haraka ule ninaouandika nikiwa na chakula jikoni, linang'aa baba. Mlangoni, kwenye buti, mpaka karibu na taa. Nilisoma Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kusema kweli, hapo nililia. Niliona wazi baba kesho amesimama nje ya hospitali, jicho jipya, anasoma.

"Usinililie juu ya rangi," gari likasema kwa upole. "Chumvi hainifai. Anza kuniosha."

Nikaokota sponji, nikachuchumaa kwenye tairi.

"Hapo tena," likasema.

"Wapi sasa?"

"Maji yanatoka juu yanakwenda chini, Sauda. Hata bibi yako alijua hilo alipokuogesha. Nimekaa kwenu miaka yote hii na hujawahi kuniosha kichwa."

Brashi ya matairi, iliyokuwa imekaa kando imenuna, ikaunga mkono. Ikasema yeye ni wa miguu na zamu yake ni ya mwisho, na hapendi watu wanaomtoa miguuni wakampandisha usoni.

Nikaliambia jua linipishe. Likakataa, likasema limeshapata nafasi nzuri. Basi kivuli cha jiko letu kikajivuta taratibu, kikavuka ua mzima, kikasimama juu ya gari. Kikaniambia nifanye haraka, jikoni kimeacha mtungi peke yake. Nikapanda mgongo wa gari kwa ngazi ya mabomba.

Ilikuwa safari ndefu. Nilipofika juu niliona kwamba si gari tena, ni uwanda. Vumbi tupu, jekundu, mpaka macho yanapoishia, kama mashamba ya mkonge baada ya kung'olewa. Hakuna mtu. Miguu inazama mpaka kwenye kifundo. Niko na sponji moja na ndoo mbili zisizosemezana.

Ndipo nikaona alama.

Nilidhani ni nyayo. Nikainama. Vilikuwa viganja. Kiganja kimoja cha mkono wa kulia kimewekwa bapa kwenye vumbi, kisha kingine mbele yake, kisha kingine, vimepangana mstari kwenda mbali. Kila kiganja kilikuwa na vidole vinne na nusu.

Baba yangu kidole chake cha pete ni nusu. Nusu ya pili ilichukuliwa na mkanda wa feni kabla mimi sijazaliwa.

"Huja kila siku," gari likasema kutoka chini yangu, chini kabisa. "Akishaswali alfajiri, kabla hujaamka. Anapapasa ukuta mpaka bandani, ananiwekea mkono juu, karibu na mlango wake. Anasimama kidogo. Halafu anarudi barazani kukungoja uamke."

"Anaweka mkono kwenye vumbi?"

"Kwenye nini kingine? Hapa juu umeniwekea nini?"

Nikakaa chini katikati ya uwanda. Mtu aliyefuta gari kwa kiganja maisha yake yote, anayeweza kukwambia kwa kugusa kama umepita barabara ya Handeni au ya Mombo, nilikuwa namwambia linang'aa na vumbi lote hilo likiwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo alijua," nikasema.

"Tangu Jumamosi ya kwanza."

"Mbona aliniambia ahsante?"

Injini ya gari ikawaka, ikanguruma kidogo, ikazima, kama mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Wewe ulikuwa unapika, unafua, unamsomea majina ya dawa, unamshika mkono kwenda chooni," likasema. "Alifikiri akikwambia halijang'aa, utaongeza na hilo. Akaona bora yeye adanganywe Jumamosi mara moja kuliko wewe uchoke siku saba. Nyinyi wawili mnadanganyana vizuri sana. Mimi ndiye ninayechubuka."

Nilitaka kuomba msamaha lakini sikujua niuelekeze wapi, maana nilikuwa nimekaa juu ya ninayemwomba. Nikainamisha uso nikaweka mkono wangu ndani ya kiganja kimoja. Ulikuwa mdogo ndani yake, kama zamani.

"Nikiosha, vitafutika," nikasema.

"Vitafutika," likakubali gari. "Ataweka vingine. Mimina."

Nikanyanyua ndoo ya kijani kwa mshikio wake wa katani. Nikamimina. Maji yakatembea kwenye uwanda, yakajaza kiganja cha kwanza, kikafurika kikajaza cha pili, na mbali nikasikia kibanio kikifunguka, tak, kisha cha pili, tak, na sote, mimi na gari na mawifi wawili, tukaanza kushuka polepole kama shuka linalotua kitandani.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Chupa nne zilikuwa mezani zimenyamaza, ile nyekundu imeegemea ukuta. Ndoto ni ndoto, nikajiambia, nikachukua stuli ya jikoni nikaenda nayo bandani kabla sijanawa hata uso. Nikaiweka karibu na mlango wa dereva. Nikapanda.

Vumbi la miaka mitatu lilikuwa limelala juu ya gari, nene, jekundu. Katikati yake, mahali mkono wa mtu mrefu unapofikia bila taabu, palikuwa na kiganja kimoja tu, si uwanda mzima. Vidole vinne na nusu. Ndani yake hapakuwa na vumbi hata chembe. Rangi ilikuwa nyeupe na laini kama siku lilipoletwa, imesuguliwa kwa mkono mtupu asubuhi baada ya asubuhi.

Nikashuka. Kisha nikajaza ndoo yangu ya bluu maji matupu, nikapanda tena, nikamimina.

Maji yakagonga bati la juu. Ni sauti ambayo nyumba yetu haikuwa imeisikia kwa miaka mitatu. Barazani, baba, aliyekuwa amekaa kitini na bandeji yake, akainua kichwa.

"Leo umeanzia juu, mama," akasema.

Nikasema ndiyo. Akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Linang'aa?"

"Bado, baba," nikasema. "Na zile siku nyingine pia halikuwa linang'aa."

"Najua," akasema. Hakuonekana mwenye hasira. Akapapasa bandeji kana kwamba ndiyo iliyomsumbua. "Sabuni usitie kwenye hiyo hiyo ya kusuuzia. Nyuma ya pipa kuna ndoo nyingine. Nilikuwekea mwaka juzi, nikaona haya kukwambia."

Nikashuka nikaenda nyuma ya pipa. Ilikuwapo, ya kijani, imejaa utando wa buibui, mshikio wake umefungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na sponji laini ambalo halijatolewa kwenye nailoni yake. Nikaiosha ndoo kwanza, nikaijaza, nikarudi juu ya stuli. Ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu.